Moto Juu, Moto Chini

Wageni wa posa walikuwa wafike Jumamosi saa nane mchana, na mimi nilikuwa nimeahidi kuwaandalia pai ya mboga. Mama hakulipenda wazo hilo. Alisema pilau inatosha, kuku wapo, na watu wanaokuja kuomba mke hawaji kujaribishiwa vyakula vya Kizungu. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akichumbiwa, alicheka tu. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amekaa mkekani chini ya mwembe akichambua mchele. Aliuliza swali moja.

"Utaioka wapi, mke mwenzangu, na oveni hatuna?"

"Kwenye sufuria, Bibi. Mkaa kidogo chini, mwingine juu ya mfuniko."

Akaacha kuchambua. "Kupalia," alisema. "Sasa hapo Uzungu uko wapi? Bibi yangu alikuwa akipalia mikate kabla treni haijafika Tabora."

Treni ilifika Tabora mwaka 1912. Nilisoma historia chuo kikuu kwa miaka mitatu, kwa hiyo mtu akitaja tukio huwa naliwekea mwaka kichwani hata bila kutaka. Bibi amezaliwa karibu na mwaka 1940. Anasema bibi yake alifariki yeye akiwa amevunja ungo, na kwamba alikuwa kikongwe aliyekwisha kupoteza meno yote. Ukipiga hesabu, mwanamke huyo alizaliwa miaka ya 1870 au mwanzoni mwa 1880. Enzi zake watu wengi wa Tabora walikula ugali wa mtama na wa uwele. Mkate wa ngano ulikuwa chakula cha nyumba chache, na nyumba hizo nilikuwa nazijua kutoka vitabuni.

Sikuuliza kitu siku hiyo. Niliwasha mkaa.

*

Tunaishi Ipuli, ndani ya Manispaa ya Tabora. Nilirudi hapa baada ya chuo kwa sababu kazi haikupatikana Dar es Salaam, na tangu hapo ninafundisha tuisheni jioni na kuoka asubuhi. Naoka skonzi, keki za siku za kuzaliwa, na keki za kipaimara na za maulidi kwa majirani wa dini zote mbili. Vyote hivyo navioka kwenye jiko la mkaa. Pai ya mboga niliionja mara moja tu, kwenye hafla niliyokuwa nahudumu nikiwa chuoni, na tangu siku ile nilikuwa nimejiambia kwamba siku moja nitaitengeneza nyumbani.

Ilikuwa Septemba. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hainyeshi Tabora, na kufikia Septemba vumbi linaingia hadi ndani ya sanduku la nguo. Ajabu ni kwamba huo ndio wakati mzuri wa mboga. Mvua ni adui wa nyanya: majani hupata ukungu, matunda huoza yakiwa bado mabichi. Kiangazi, wenye bustani za mabondeni humwagilia kwa ndoo kutoka visimani, na sokoni nyanya hupangwa mafungu mafungu, ngumu na nyekundu, pembeni ya biringanya, vitunguu na hoho.

Nilifanya jaribio la kwanza Alhamisi. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi, samli. Vitabu vya mapishi husema siagi iwe baridi kama barafu, lakini sisi friji hatuna, kwa hiyo niliacha samli nje usiku kucha ndani ya bakuli lililokaa kwenye maji, nikaichanganya na unga alfajiri kabla jua halijapanda. Nikaufikicha kwa ncha za vidole hadi ukawa kama chenga za mchele, nikatia maji vijiko vichache, nikaukusanya bila kuukanda sana, maana ukikandwa sana unakuwa mgumu kama chapati ya jana.

Jambo kubwa katika pai ya mboga ni kuyashinda maji. Biringanya nilizikata duara nyembamba, nikazipaka chumvi, nikaziacha nusu saa zitoe jasho, kisha nikazikamua. Nyanya nilizitoa mbegu na kuziinamisha kwenye chujio. Vitunguu vinne nilivikaanga taratibu hadi vikawa rangi ya asali. Jibini ya dukani ni ghali, kwa hiyo nilikuwa nimeacha lita mbili za maziwa yagande yenyewe, nikayafunga ndani ya kitambaa cheupe na kukitundika kwenye tawi la mwembe. Kesho yake nilikuwa na jibini laini, chachu kidogo. Nikaichanganya na mayai matatu, nikausukuma unga, nikautandaza kwenye sinia la bati, nikapanga kila kitu juu yake.

Iliungua chini na ikabaki mbichi juu.

Bibi aliitazama akatikisa kichwa. Hakucheka. Aliniambia niweke mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, nusu kidole kutoka chini, na juu ya mchanga vijiwe vitatu vya kushikilia sinia. Halafu akachukua koleo mwenyewe. Chini aliacha makaa sita tu, tena yaliyokwisha kushika majivu. Juu ya mfuniko akapanga makaa mekundu mengi, pembezoni zaidi kuliko katikati. "Moto wa chini ni wa kuamsha," alisema. "Wa juu ndio unaopika. Ukisikia harufu, usifunue. Hesabu kwanza."

"Nihesabu hadi ngapi?"

"Mimi nilifundishwa kuhesabu kwa nyuradi. Wewe hesabu unavyojua."

Pai ya pili ilitoka na ukingo wa rangi ya dhahabu. Tuliila tukiwa tumesimama, mimi, Bibi na mdogo wangu, ikiwa bado inatuunguza vidole.

*

Usiku huo niliingia kwenye simu kutafuta kitu nilichokuwa nimekisoma chuoni na kukisahau.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliingia Tabora Juni 23, 1871, baada ya kutembea miezi mitatu kutoka Bagamoyo. Alikuwa anamtafuta David Livingstone. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka uliofuata, na ndani yake kuna ukurasa unaoeleza bustani na meza za matajiri wa Kiarabu wa hapa. Anasema walilima ngano kidogo kuzunguka matembe yao kwa matumizi yao wenyewe. Walipanda michungwa, milimau, mipapai na miembe. Na kwa wakubwa miongoni mwao mgeni angeweza kupata vitunguu maji, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na biringanya.

Stanley si shahidi wa kuaminiwa kwa kila neno. Alipenda kujikuza, na alipowaeleza Waafrika mara nyingi alieleza hofu zake mwenyewe. Lakini mtu hana sababu ya kudanganya kuhusu biringanya. Nilikaa jikoni nikiisoma orodha ile mara tatu. Mezani kwangu kulikuwa na unga wa ngano, vitunguu, nyanya, biringanya na pilipili. Chakula ambacho Mama alikiita cha Kizungu, vitu vyake karibu vyote vilikuwa hapa Tabora zaidi ya miaka 150 iliyopita, ndani ya ua wa watu waliotoka Unguja na Omani.

Wala si kwamba vilikuwa vya kwao tangu mwanzo. Nyanya na pilipili asili yake ni Amerika. Biringanya ilitoka Asia. Kila kimoja kilikuwa kimesafiri mbali kabla ya kufika kwenye udongo wa Unyanyembe. Ngano ninayonunua mimi leo nayo ni msafiri, maana sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nje. Tofauti ni kwamba leo inakuja kwa meli na lori. Zamani mzigo wa kutoka pwani ulikuja kichwani na begani.

Tuipime njia hiyo kwa miguu ya watu. Richard Burton alitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa kwenye vitabu vya wasafiri wa wakati ule, Novemba 7. Siku 134. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi, na posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, chini kidogo ya robo tatu ya kilo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, na kazi hiyo ilikuwa fahari yao: kijana ambaye hajaona bahari alichekwa. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo na shanga. Wenye matembe nao, kwa mujibu wa Stanley, waliwatuma watumwa wao pwani kila mwaka kuleta chai, kahawa, sukari, viungo, biskuti na samaki wa makopo.

Hapo ndipo ukurasa ule unapoishia. Unataja kilichopandwa, kilicholetwa, na aliyekula. Aliyemwagilia nyanya hayupo. Aliyesaga ngano kwenye jiwe hayupo. Aliyepalia mkate hayupo.

*

Ijumaa usiku nilimuuliza Bibi. Umeme ulikuwa umekatika, na nadhani giza lilisaidia.

"Bibi yako alijifunzia wapi kupalia?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Alilelewa kwa watu. Mjini huku." Akanyamaza. Mama alikuwa ndani anapiga pasi ya mkaa. Bibi alishusha sauti, si kwa hofu, ila kama mtu anayechagua njia ya kupita. "Alikuwa Mmanyema. Waliletwa. Alivuka ziwa akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na mama yake walitenganishwa Ujiji. Yeye akaja mpaka hapa. Wakamtia jikoni."

Manyema ni nchi iliyo magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Leo kuna jimbo lenye jina hilo, Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuanzia miaka ya 1860 misafara ya pembe na watu ilifika huko, ikajenga vituo vyake Nyangwe na Kasongo, ikarudi kwa kuvuka ziwa hadi Ujiji, na kutoka Ujiji hadi Tabora. Tunapofundishwa juu ya njia hiyo, macho yetu huelekezwa Bagamoyo na soko la Unguja, kana kwamba kila aliyefungwa mnyororo alifika baharini. Wengi hawakufika. Wengi waliishia hapa hapa, wakalima, wakabeba maji, wakazaa, wakapika. Tabora ilikuwa mji mkubwa wenye kula sana, na wenyeji wengi wanaume walikuwa safarini sehemu kubwa ya mwaka. Mtu alihitajika shambani na jikoni.

Tena waliomiliki watu hawakuwa Waarabu peke yao. Watemi walimiliki, na Wanyamwezi waliopata mali kwenye safari za pwani nao walinunua. Nasema hivi kwa sababu ni rahisi kuusukuma mzigo wote kwa watu wa mbali, tukabaki sisi wote wajukuu wa walioonewa.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mjerumani alikuwa ametawala miaka 30 bila kuufuta moja kwa moja. Maana yake ni kwamba mwanamke huyu, aliyemfundisha Bibi yangu kupanga makaa pembezoni kuliko katikati, huenda alikuwa na miaka 40 sheria ilipomtambua kuwa mtu huru.

"Alikuwa analia akisimulia?" niliuliza.

"Alikuwa anapika akisimulia," Bibi alijibu. "Ndiyo maana nakumbuka."

*

Nikiwa kidato cha pili tulipelekwa na shule Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kuona tembe alimokaa Livingstone. Ni nyumba iliyojengwa upya, kuta nene za udongo, ua katikati, na sasa ni makumbusho. Niliandika kwenye daftari tarehe zinazotakiwa: Livingstone na Stanley waliingia hapa pamoja Februari 1872 wakitoka Ujiji, Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi, akaondoka Agosti 25. Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake hadi pwani, wakipitia Kwihara tena mwezi Oktoba.

Jikoni sikuangalia. Hakuna aliyeniambia niangalie.

Miaka baadaye nilisoma shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa 1874. Kwenye kurasa za Kwihara nilikuta mambo mawili. La kwanza, alikuwa anatengeneza jibini ya kubeba safarini. Hakutumia dawa ya kugandishia. Aliacha maziwa yagande yenyewe, na analalamika kwamba jibini inatoka chachu kwa sababu ya joto. Ndiyo jibini yangu ya kwenye mwembe.

La pili ni Halima. Halima alikuwa mpishi wake. Stanley naye anamtaja, akihangaika jikoni Ujiji siku mgeni alipofika ghafla. Huko Kwihara, Livingstone anaandika kwamba Halima aligombana na mwanamke mwenzake wa msafara aitwaye Ntaoéka, akakasirika, akaondoka. Kisha akarudi mwenyewe, akasimama nje, na akataka jambo moja tu: bwana mwenye nyumba atoke, amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia. Akampa nguo nzito ya baridi kuonyesha hana kinyongo. Halafu akaandika sifa zake: ni mwangalifu, ana akili, haibi na hamruhusu mumewe aibe. Na akaandika kwamba wakifika Unguja atamwacha huru, na kumnunulia nyumba na bustani.

Soma hapo tena. Atamwacha huru. Mtu aliyeitangazia dunia ukatili wa biashara ya watumwa alikuwa anapikiwa na mwanamke ambaye hajawa huru, aliyempata kwa mfanyabiashara wa Kiarabu. Sisemi hivyo ili kumshusha. Nasema kwa sababu ahadi ile ilitegemea yeye kufika Unguja akiwa hai, na hakufika.

Halima si bibi yangu. Alikuwa mtu mzima wakati bibi yake Bibi labda hajazaliwa. Lakini kati ya wanawake wote waliopika kwenye matembe ya Tabora na Kwihara kwa zaidi ya nusu karne, yeye ni mmoja wa wachache ninaoweza kuwataja kwa jina, na kumwona akiwa na hasira, akisimama mlangoni akisubiri kuombwa. Nimeifikiria sana picha hiyo. Hakuwa na uwezo wa kuondoka moja kwa moja. Alikuwa na uwezo wa kutoingia mpaka aambiwe kwa heshima, na akautumia wote.

*

Mama alisikia. Pasi ilikuwa imenyamaza muda mrefu.

Alitoka, akakaa kwenye kigoda, akasema bila ukali: "Kesho wanakuja watu wanaohesabu vizazi vyao mpaka cha saba. Mimi nataka mtoto wangu aolewe."

Ndipo nilipojua kwamba Mama alichumbiwa mara mbili. Mara ya kwanza mambo yalifika hadi kutaja mahari. Shangazi mmoja wa upande wa mwanaume akauliza, kwa upole kabisa, ninyi hasa kwenu ni wapi? Babu akasema Tabora. Shangazi akasema, Tabora ndiyo, ila kabla ya Tabora? Hawakurudi tena. Hakuna aliyetamka neno lenyewe. Halikuhitajika, ilitosha kusema, hana kwao.

"Kwa hiyo nikiulizwa," Mama alisema, "nasema sisi Wanyamwezi wa hapa hapa. Na si uongo. Nimezaliwa hapa, nasema Kinyamwezi, nimezika hapa."

Si uongo. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha hotuba kichwani, yenye miaka na ushahidi, na nikaona haina mahali pa kutua. Mimi nilikuwa nimeupata ukweli huu kwa siku mbili nikiwa na sinia la pai mkononi. Yeye alikuwa ameulipia na miaka yake. Bibi ndiye aliyesema, akimtazama binti yake: "Mficha uchi hazai." Mama akamjibu: "Nimezaa, mama. Watatu." Tukacheka sote, hata yeye.

*

Jumamosi walikuja watano: mshenga, wazee wawili, shangazi mmoja na kijana wa kubeba mfuko. Baada ya salamu na pilau nilileta pai mbili, zimekatwa vipande, na kwa dakika nzima hakuna aliyegusa. Kisha mzee mmoja akachukua, akatafuna, akachukua kingine.

"Ni kama sambusa iliyofunuka," alisema, na kila mtu akaona ruhusa ya kula.

Shangazi alikula polepole. Alikuwa mama mwenye sauti nzuri, na aliniuliza kwa wema: "Umejifunzia wapi haya, mwanangu? Dar?"

Kabla sijafungua mdomo Bibi alijibu. "Nimemfundisha mimi. Na mimi nilifundishwa na bibi yangu. Alikuwa mpishi mjini hapa, kwenye matembe."

Nilimwona Mama akishika ncha ya kanga yake.

"Matembe ya nani?" shangazi akauliza.

"Ya waliokuwa nayo," Bibi akasema. "Yeye hakuwa nayo."

Sijui ukimya ule ulichukua muda gani. Jogoo wa jirani aliwika, saa tisa na nusu mchana, bila sababu. Kisha mshenga, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, akaomba maji ya kunawa, akatoa bahasha ya barua, na mazungumzo yakaenda yanakotakiwa kwenda. Shangazi alipoaga alimshika Bibi mkono kwa mikono yake miwili. Inaweza kuwa adabu tu. Huku kwetu wageni wote hushikana mikono hivyo.

Barua tuliijibu baada ya wiki mbili, kama desturi. Ndoa imepangwa mwakani baada ya mavuno.

*

Nilipomwambia Mama kwamba nataka kuyaandika haya, alifikiri, akasema: "Andika. Lakini jina usiweke." Nikamuuliza jina la nani, letu au la yule bibi. Akasema, lote.

Nimetii. Ndiyo maana humu Stanley ana jina, na Livingstone, na Halima, lakini aliyenifikishia mimi ufundi huu hana. Naona aibu kidogo, maana nimefanya kile kile nilicholaumu kwenye ukurasa wa Stanley: nimeandika chakula nikamwacha mpishi. Tofauti ni kwamba jina ninalo. Bibi alinitajia usiku ule wa Ijumaa. Ni mawili, kwa kweli: la Kiislamu alilopewa hapa Tabora na kuzikwa nalo, na lile alilovuka nalo ziwa. La pili ni fupi. Bibi hulitamka taratibu, kana kwamba linaweza kuvunjika.

Jumapili iliyopita mdogo wangu aliniomba nimfundishe pai kabla hajahamia kwa mumewe. Nilimwambia amwombe Bibi. Bibi akamkalisha mbele ya jiko, akampa koleo, akamwonyesha makaa ya chini na ya juu. Tulipokuwa tunasubiri, mdogo wangu aliuliza huyo aliyekufundisha aliitwa nani. Bibi akamtajia, yote mawili.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo. Hakuondoka.